Siku ya tatu mpe jembe: kupanga mafunzo ya watumiaji wa gridi

Leo sina programu mpya ya kuwasifia. Nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo sisi waunda programu hupenda kumsukumia mtu mwingine, yaani kuwafundisha watu kutumia kile tulichokisimika. Nitazungumzia mafunzo ya watumiaji wa gridi kwa sababu nimeyapanga na kuyaendesha mwenyewe, na kwa sababu nina neno moja la kusema: mafunzo haya hayapangwi kuanzia siku ya ufunguzi. Hupangwa kuanzia Jumatatu inayofuata, mtumiaji akiwa peke yake mbele ya skrini na kazi yake imekwama.

Tuanze na gridi yenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajakutana nayo. Jina lilitokana na gridi ya umeme. Mwaka 1998 Ian Foster na Carl Kesselman walitoa kitabu walichokihariri, The Grid: Blueprint for a New Computing Infrastructure. Wazo lake si gumu. Wewe huchomeka pasi ukutani bila kujali kama umeme umetoka Gitaru au Olkaria. Basi mtafiti naye achote nguvu za kompyuta bila kujali kompyuta hizo ziko wapi. Mwaka 2002 Foster aliandika vigezo vitatu vya kuitambua gridi, na cha kwanza ndicho ninachokipenda: gridi huunganisha mitambo isiyo chini ya bwana mmoja. Gridi inayojulikana zaidi duniani ni ile inayochambua data za mtambo wa LHC ulioko CERN. Ina vituo takriban 170 katika nchi zaidi ya 40, na kila kituo kina mwenyewe.

Yetu ni ndogo mno. Ni maabara tatu za kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, kila moja chini ya idara yake. Mbili zina kompyuta 30 kila moja, ya tatu ina 20. Mchana wanafunzi huzitumia kwa masomo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi, kompyuta zote 80 hukaa bure. Tulisimika HTCondor, programu huria kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Ni programu kongwe. Makala ya mwaka 1988 ya Michael Litzkow, Miron Livny na Matt Mutka iliitambulisha kama mwindaji wa kompyuta zisizo na kazi, na hadi mwaka 2012 iliitwa Condor tu. Foleni ya idara moja ikijaa, kazi zake huruhusiwa kuvuka kwenda kwa jirani, na kila idara hubaki na kauli ya mwisho juu ya mashine zake. Ni kikoa hasa, kila mtu na zamu yake, ila hapa hatuli wali bali tunakula hesabu.

Sasa, kwa nini mafunzo yalikuwa jambo zito? Mwaka 2024 kitivo kilitoa sharti. Ikifika Desemba na hakuna watafiti wanaoitumia gridi, kompyuta zitazimwa kila jioni ili kupunguza bili ya stima. Sharti hilo halikuwa la uonevu. Kompyuta 80 zinazowaka usiku kucha bila kazi ni hasara, tena hasara ya wazi. Na mafunzo yalikuwa yamekwisha kufanywa mara moja, kabla sijachukuliwa kwa mkataba: siku mbili, ukumbi mkubwa, watu 60, slaidi kutoka asubuhi hadi jioni, vyeti vya kuhudhuria mwishoni. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo nilikuta akaunti mbili tu zilizowahi kutuma kazi baada ya siku hizo. Moja ilikuwa ya mkufunzi.

Upande wa pili kulikuwa na watu wanaoihitaji gridi hiyo kweli. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa na faili 1,200 za mvua, kila moja ikihitaji dakika 20 za hesabu. Piga hesabu: ni saa 400, yaani siku 16 na saa 16 bila laptopu yake kupumzika hata dakika moja. Alikuwa anaishi hosteli ambako stima hupotea mara kwa mara, na ufadhili wake ulikuwa unaisha Desemba hiyo hiyo. Kwenye kompyuta 80 zikiwa huru zote, kazi hiyo ni saa tano.

Nilipopeleka mpango wangu kwa mkuu wa idara, tulivutana kidogo.

"Kijana, kumi na sita tu?" aliniuliza. "Mara ya kwanza tulikuwa na sitini. Ripoti hiyo nitaiandika vipi?"

"Prof, ripoti ya Desemba haitahesabu waliokaa ukumbini," nilimjibu. "Itahesabu kazi zilizotumwa."

"Na hao wengine arobaini na nne tuwaambie nini?"

Swali hilo lilikuwa na haki yake, na sikulipuuza. Wingi wa watu si dhambi. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet uliendesha kozi ya utangulizi ya bioinfomatiki kwa wanafunzi 364 waliokuwa katika taasisi 20 za nchi 10 za Afrika. Lakini tazama walivyofanya: hawakuwarundika pamoja. Mihadhara iliandaliwa mahali pamoja, na kila darasa likawa na wasaidizi wake palepale chumbani. Mtu akikwama, kuna wa kumwinamia. Hiyo ndiyo hesabu inayotakiwa, yaani uwiano wa waliokwama na wanaoweza kuwakwamua. Mimi nilikuwa na wasaidizi wawili, nami wa tatu, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na watu watano au sita. Tukakubaliana kuwa kundi la kwanza litatoa wasaidizi wa kundi la pili, na hapo Prof akatia sahihi.

Kazi ilianza wiki tatu kabla ya siku ya kwanza. Kila aliyeomba nafasi alijibu maswali manne:

1. Una hesabu gani inayokusumbua sasa hivi?
2. Kipande kimoja cha hesabu hiyo huchukua muda gani kwenye kompyuta yako?
3. Je, kipande cha pili hulazimika kungoja jibu la kipande cha kwanza?
4. Data yako ina ukubwa gani, na unaruhusiwa kuitoa nje ya kompyuta yako?

Waliomba watu 43. Maswali hayo manne yalinifunza mengi kuliko ambavyo fomu ya jina, idara na nambari ya simu ingeweza. Mtafiti mmoja wa magonjwa ya mifugo alikuwa na hesabu moja ndefu ya siku tatu, isiyogawanyika. Kwenye gridi yetu hesabu hiyo isingeisha kamwe. Saa moja asubuhi mashine hurudi kwa wenyewe, kazi inafukuzwa, na kama programu yake haihifadhi hatua ilizofika, usiku unaofuata inaanza upya kutoka mwanzo. Nilimwambia hivyo wazi, nikamwelekeza atafute seva moja inayokaa macho mchana na usiku. Alinishukuru. Naamini kumwambia mtu mapema kwamba gridi haimfai ni sehemu ya mafunzo, maana unamwokolea siku tatu zake na kiti cha mwingine.

Jambo la pili la mapema ni akaunti. Waliowahi kutumia gridi kubwa wanakumbuka adha ya vyeti vya X.509. Kabla ya kutuma kazi hata moja, ilikubidi uthibitishe kitambulisho chako mbele ya mtu aliyeidhinishwa, ungoje cheti, ukisimike, halafu ukubaliwe na kundi la watumiaji wenzako. Mradi wa Ulaya ulioitwa EGEE, uliodumu kutoka 2004 hadi 2010, ulilijua tatizo hilo. Kwa ajili ya mafunzo palikuwapo GILDA, gridi kamili iliyoanzishwa mwaka 2004 na wenzetu wa Catania, Italia, ikiwa na mamlaka yake yenyewe ya kutoa vyeti. Mwanafunzi alijifunza kwenye gridi halisi, yenye taabu zote halisi, bila kungoja makaratasi na bila kuharibu kazi za watu. Kwetu tunatumia nywila za kawaida, lakini fundisho ni lile lile. Kila mtu aliingia kwenye mfumo akiwa mezani kwake na kutuma amri moja ndogo kabla ya siku ya kwanza. Watano walikwama, tukawashughulikia kwa simu. Wangekwama darasani, asubuhi nzima ya watu 16 ingekwenda na maji.

Mafunzo yenyewe yalikuwa siku tatu za Agosti, wakati wa likizo.

Siku ya kwanza, hadi saa sita mchana, hatukuigusa gridi. Tulifanya mazoezi ya amri za Linux: uko folda gani, faili iko wapi, nani ana ruhusa ya kuiendesha. Wapo waliolalamika kwamba haya ni ya watoto. Lakini ukichunguza kazi zinazokwama kwenye gridi, nyingi zimekwama kwa sababu ya faili: haipo, iko kwingine, au jina limeandikwa vingine. Sikutumia slaidi. Niliandika amri moja baada ya nyingine mbele yao, nao wakaandika pamoja nami, nikikosea herufi wakiona ninavyorekebisha. Mtindo huu umeenezwa na Software Carpentry, mradi ulioanzishwa mwaka 1998, na nimechukua kwao pia ule ujanja wa vikaratasi viwili vya kubandika kwenye kompyuta. Rangi moja inasema nimemaliza, nyingine inasema nimekwama. Mwalimu haulizi "Mmeelewa?", maana jibu la swali hilo hapa kwetu ni "Ndiyo" siku zote.

Alasiri nikaeleza jinsi kazi inavyopata mashine, na hapa Kiswahili kilinisaidia sana. Ndani ya HTCondor kazi hutangaza masharti yake: nataka kumbukumbu kiasi hiki, nataka Linux. Mashine nayo hutangaza yake: mimi napokea kazi usiku tu, na za idara yangu kwanza. Katikati kuna programu inayowakutanisha. Nikawaambia, huyo ni mshenga. Darasa likacheka, na kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini kazi haianzi papo hapo. Wote wanajua mambo ya posa hayaendi mbio, na wanajua upande wowote unaweza kukataa.

Siku ya pili ilikuwa ya kuharibu. Niliandaa kazi tatu mbovu kwa makusudi.

Ya kwanza ilihusu kuhesabu. HTCondor huhesabu kazi kuanzia 0, na faili zao zilikuwa zimepewa nambari kuanzia 1 hadi 1,200. Kazi nambari 0 inatafuta faili isiyokuwepo, inashikiliwa, na condor_q inaonyesha herufi H. Hilo kila mtu aliliona. Nikawauliza, na faili nambari 1,200 je? Kimya. Kazi ya mwisho ni nambari 1,199, kwa hiyo faili ya 1,200 haikuguswa na hakuna ujumbe wowote uliotolewa. Hapo ndipo niliona kalamu zikianza kuandika. Kosa linalopiga kelele lina nafuu. La kuogopwa ni lile lisilosema kitu, ukalichapisha kwenye tasnifu.

Ya pili ilikuwa skripti iliyoandikwa kwenye Windows. Kwa macho haina kasoro, lakini mwisho wa kila mstari una alama isiyoonekana ambayo Linux haiitaki, na kazi inakataa kuanza. Ya tatu iliomba gigabaiti 64 za kumbukumbu ilhali kompyuta zetu zina 8. Kazi hiyo inakaa kwenye foleni ikiandikwa Idle, yaani inasubiri, na itasubiri hadi kiama. Walijifunza kuuliza kwa condor_q -better-analyze, ambayo hueleza ni mashine ngapi zimeikataa kazi na kwa sharti lipi.

Kanuni ya siku hiyo ilikuwa moja: msaidizi haruhusiwi kugusa kibodi ya mwanafunzi. Aulize tu, "Faili ya makosa inasema nini?" Ni vigumu kuliko mnavyofikiri. Mikono inawasha ukiona mtu anatafuta kwa dakika kumi jambo ambalo wewe ungelimaliza kwa sekunde tano. Lakini Jumatatu vidole vyako havitakuwepo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu kila mmoja alilima shamba lake. Hakukuwa na mfano wa kitabuni. Kila mtu alileta data yake na programu yake. Utaratibu ulikuwa kutuma kipande kimoja kwanza. Kikirudi salama, tuma kumi. Kumi zikirudi, soma kumbukumbu uone zilitumia muda gani na kumbukumbu kiasi gani, ndipo uombe kiasi hicho na kidogo cha akiba. Jioni tuma zote, nenda ukalale.

Yule wa mvua alituma faili zake saa kumi na mbili na robo. Kompyuta kadhaa zilikuwa zimezimwa na wanafunzi, kwa hiyo saa tano zangu za hesabu zikawa karibu saa saba. Asubuhi alikuwa na majibu 1,188, na kazi 12 zilikuwa zimeshindwa. Hakuniita. Alifungua faili za makosa, akaona zote 12 ni za kituo kimoja cha mvua, na ndani ya data za kituo hicho kulikuwa na miezi mitupu ambayo yeye hakuijua. Aliniambia baadaye kwamba kwenye laptopu angegundua hilo siku ya kumi na kitu. Mimi nilifurahia zaidi kwamba alijua pa kutazama.

Baada ya hapo tulikuwa na kliniki ya saa mbili kila Jumatatu, kwa wiki sita. Chumba kimoja, chai, na mmoja wetu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko chakula cha mchana cha siku moja ya mafunzo, lakini ndicho kipengele nilichokipigania zaidi kwenye bajeti, kwa sababu huondolewa kwanza. Wiki ya kwanza walikuja tisa. Wiki ya sita walikuja wawili, na mmoja wao alikuja kumsaidia mwenzake.

Novemba ilipoisha, watu 11 kati ya 16 walikuwa wametuma kazi zao wenyewe mwezi huo. Wawili walikuwa wamemaliza hesabu zao hawana haja tena. Watatu hawakurudi kabisa, na nilipowapigia simu, wote walitaja jambo lile lile: msimamizi wao wa utafiti hakuwa anajua gridi ni nini. Kitivo kiliziacha kompyuta ziwake. Idara yenye maabara ya kompyuta 20 ilijiondoa kwa sababu zake, nasi hatukuweza kuizuia. Gridi ni ya wenyewe, kila bwana na kauli yake. Tumebaki na 60.

Mtu anaweza kuuliza kama inafaa kuhangaika hivi kwa programu ambayo kesho itabadilika. Ni kweli zinabadilika. Globus Toolkit, iliyokuwa msingi wa gridi nyingi duniani, iliachwa na waundaji wake mwaka 2018, na hata kwenye gridi zinazohudumia LHC vile vyeti nilivyovitaja vinaachiwa nafasi na tokeni. Aliyefundishwa kubonyeza amri fulani tu amepoteza alichofundishwa. Lakini kugawa kazi kubwa kuwa vipande, kujaribu kimoja kabla ya elfu, kuhesabu kama yaliyorudi yanalingana na yaliyotumwa, na kusoma faili ya makosa kabla ya kumpigia mtu simu: hayo yatamfaa hata gridi yetu ikifa na jina lake likasahaulika.

Kwa hiyo wewe unayepanga mafunzo kama haya, usianze na orodha ya mada. Kwanza andika jina la mtu mmoja halisi, andika kazi yake halisi, halafu jiulize Jumatatu atakwama wapi na atamuuliza nani. Kundi letu la pili litakuwa katika vyumba viwili, na wasaidizi wanne wanatoka kundi la kwanza. Safari hii tumewaalika pia wasimamizi wa utafiti, saa moja tu, siku ya tatu, waje waone wanafunzi wao wakilima.

Alamsiki.